Skrubu Yenye Rangi ya Kucha

Mume wangu aliwahi kununua mtumba wa marehemu mume wangu, bila kujua.

Alirudi nao mchana, kaukumbatia kifuani, anapanda ngazi huku anapiga mluzi. Tunakaa mtaa wa Shubra, ghorofa ya mwisho, na Mukhtar hapigi mluzi ngazini bila sababu.

"Inshirah, njoo uone. Yule mwenye mkokoteni wa vikuukuu hajui alichokuwa nacho."

Ilikuwa mashine ndogo ya kusomea disketi, ya zile kompyuta za zamani za kuchomeka kwenye televisheni. Mukhtar ni mstaafu wa mitambo ya simu, na kompyuta hizo ndizo starehe yake.

Akafungua kifuniko. Ndani, skrubu moja ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya kucha.

Taulo la jikoni likanidondoka.

"Hiyo ya Wagdi," nikasema.

Mluzi ukakatika.

Niwaeleze. Wagdi alikuwa mume wangu wa kwanza. Alifariki tukiwa bado vijana, na vitu vyake wifi yangu Safiya alivibeba vyote. Kumbe kachoka kuvitunza, kauza.

Mtaa mzima unamkumbuka Wagdi kwa kitu kimoja: mchezo wa njiwa wa kwenye kompyuta. Unarusha kundi lako kutoka kwenye paa, jirani anarusha lake. Njiwa wako akifuata kundi la jirani akatua kwake, basi, si wako tena. Kama wanavyofanya hapa juu ya mapaa mpaka leo.

Mchezo ule ulishinda mashindano ya klabu ya vijana. Wagdi alibebwa juu juu mpaka mlangoni kwetu, na tangu siku hiyo akawa Injinia Wagdi.

Mukhtar kashika waya za simu maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumwita Injinia.

Disketi ya mchezo ni moja tu duniani, na hiyo Safiya hakuipata; ninayo mimi, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Sikuwa nimeiona ikifanya kazi tangu Safiya aondoke na mashine.

"Unaweza kuifufua?" nikamuuliza.

"Naweza. Lakini siyo kwa ajili yake."

"Sijasema kwa ajili yake."

"Macho yako yamesema."

Kuanzia hapo tukawa watu watatu ndani ya nyumba.

Mukhtar alianza vizuri. Mkanda wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka kama ubani uliotafunwa, akaweka mpya. Akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Akapima mwendo, ukawa sawa. Kisha akaingiza disketi aliyoazima kwa mwenzake.

Ikakwaruza, ikagoma.

Akachungulia ndani, akacheka kwa pua.

"Kichwa kimekaa kombo. Huyu Injinia wenu alikuwa fundi au mchinjaji?"

Nilikuwa nachambua mboga ya mulukhiya. Nikaendelea kuchambua.

"Halafu kosa lake kaliziba kwa rangi yako ya kucha. Ulimpa mwenyewe?"

"Ilikuwapo tu nyumbani."

"Mimi hujawahi kunipa rangi ya kucha."

"Hujawahi kuomba."

Akanuna mpaka chai yake ikapoa.

Nilitamani kusema neno. Lakini bila mchezo kuwaka, ningekuwa mjane anayemsema marehemu, basi. Nikangoja.

Ijumaa nilishuka kumjulia hali jirani. Niliporudi nikakuta rangi nyekundu imekwanguliwa, iko mezani kama maganda ya karanga.

"Nimekinyoosha," Mukhtar akasema. "Tazama kazi ya mwanaume aliye hai."

Kweli, disketi zote za wenzake zikasomeka, moja baada ya nyingine.

"Sasa lete ya mpenzi wako."

Nikaleta. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza. Akajaribu tena. Nikamshika mkono.

"Usirudie. Ikikwaruzwa sana itafutika."

"Imekufa, Inshirah. Ndiyo dunia." Alijitahidi kuhuzunika, mdomo ukamsaliti.

"Haijafa. Iliandikwa na kichwa kilichokaa kombo, kwa hiyo inasomeka kombo vilevile. Kirudishe pale kilipokuwa."

"Kilipokuwa wapi? Alama nimeikwangua."

Alama ile ilikuwa njia pekee ya uhakika ya kurudi.

"Na hata ningejua," akaongeza, "nipinde kazi yangu ili yake ionekane? Mtu yuko kaburini, bado ananishinda sebuleni kwangu?"

Nikachukua bisibisi.

"Weka chini, utaharibu."

Nikalegeza skrubu. Nikasogeza kimota kinachosukuma kichwa upana wa unywele, nikaingiza disketi, nikatega sikio. Hapana. Nikaitoa haraka. Nikasogeza tena, kidogo zaidi. Mlio ukabadilika.

Mashine hizi zina mlio wa kutafuta na mlio wa kupata. Ule wa kupata unagonga taratibu, kama punje za tasbihi.

Televisheni ikawaka. Mapaa, minara ya mbao, kundi la njiwa linazunguka. Chini yake maneno: Kazi ya Wagdi.

Mukhtar hakuwa anatazama njiwa. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Umejuaje?"

"Ile rangi ya kucha ilikuwa ya nani, Mukhtar?"

Akainua macho kutoka mikononi mwangu.

"Wagdi alikuwa mtu wa njiwa. Njiwa wa kweli, wa juu ya paa. Bisibisi hakujua inashikwa upande gani. Mashine ilianguka, nikaifungua mimi, nikazungusha mpaka nikasikia inasoma, nikapaka rangi isilegee. Na mchezo niliuandika mimi, meza ya jikoni, najifundisha mwenyewe."

"Na jina?"

"Klabu ilikuwa ya wavulana. Akapeleka yeye. Alisema akishinda atawaambia."

"Akawaambia?"

"Walimbeba juu, Mukhtar. Mtu akishabebwa juu, kushuka ni kazi."

Akakaa kwenye kochi polepole.

"Wewe unamwonea wivu wiki hii," nikasema. "Mimi nimemwonea tangu siku ile. Hata nilipokuwa namlilia."

"Kwa hiyo yule mchinjaji..."

"Mimi."

"Na mie nakutukana siku zote hizi."

"Nilikuwa nasikia."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono.

"Naomba rangi ya kucha."

Akaipaka skrubu mwenyewe, pale pale kombo. Halafu akashusha mashine yake nyingine, iliyonyooka, tuunakili mchezo usomeke popote.

Kabla ya kunakili, nikafungua ule mstari wa jina.

"Mfute," Mukhtar akasema.

Sikumfuta. Njiwa wanavyoruka nilifundishwa na yeye. Nikaandika jina langu juu, lake nikaliacha chini.

Ninachowaachia ni hiki. Sifa za mtu zikikuunguza moyo, chunguza kwanza kama ni zake. Huenda mwenyewe yuko jikoni kwako anachambua mboga. Na wewe unayechambua mboga, usingoje mpaka skrubu ikwanguliwe ndipo useme.

Jana yule wa vikuukuu alipita chini akiita. Mukhtar akatoka kwenye roshani, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Subiri hapo hapo, bwana. Injinia anashuka kuangalia mzigo."

Nikashuka.