Mama Alipofua Viza Yangu

Watu wa Bungoma wananijua kama fundi wa sare za shule, na sina shida na hilo. Cherehani yangu iko kwenye veranda ya duka la mbolea karibu na soko, na shule zikikaribia kufunguliwa hata chai sipati nafasi ya kunywa. Lakini ukiniuliza kazi yangu ni gani, nitakwambia mimi ni msanii. Ukitaka kucheka, cheka, ukimaliza tuendelee. Nimeshachekwa na watu wenye akili kukuzidi.

Kazi yangu ni vitambaa. Si unajua nyumba zetu zilivyo, kochi haliachwi uchi. Mgongoni kitambaa, kwenye mikono kitambaa, juu ya televisheni kitambaa, na stuli nayo ina chake. Mimi huchukua vile vilivyozeeka, vyenye madoa yaliyokataa kutoka, nikadarizi kulizunguka doa mpaka liwe kitu. Mchuzi wa maharagwe uliomwagikia kitambaa cha rafiki yangu wa Kabuchai niliugeuza kuku anayelalia mayai. Kutu ya msumari ikawa barabara ya kwenda Webuye, na malori juu yake. Doa lenyewe siligusi hata kwa sindano. Lilikuja kabla yangu, mimi nalifuata tu na uzi.

Wakwe zangu waliita hiyo kazi kupamba uchafu. Niliwasikia, nikaendelea kupamba.

Kitambaa kilichonifanya nijulikane kilitoka nyumbani kwetu Kitale. Wazazi wangu walihamia huko kutoka upande wa Mlima Kenya kabla sijazaliwa, wakalima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Asubuhi moja baba alikuwa ameketi kwenye kochi lake akinywa chai. Kikombe kikamtoka mkononi, na mama alipotoka jikoni mbio alimkuta hawezi kusema. Hakusema tena mpaka tukamzika. Ile chai ilimwagikia kitambaa cha mkono wa kochi, ikasambaa, ikakauka na umbo la mlima, mpana chini, na juu umelala kidogo upande mmoja. Sisi tumekua tukiuona Mlima Elgon kila tukifungua dirisha. Nikauona na hapo.

Nilimwomba mama hicho kitambaa akanipa. Kulizunguka doa nikadarizi mahindi, ng'ombe, ua wa michongoma, na chini kabisa baba mwenyewe na kofia yake, ameinua uso anauangalia mlima. Nilipomaliza nilikirudisha Kitale nikakitundika ukutani sebuleni kwa mama. Sikumuuliza. Niliona ni zawadi.

Mgeni mmoja alikipiga picha akaituma mtandaoni, na picha ikaenda ilikoenda. Baadaye nyumba moja ya wasanii huko ng'ambo ikanialika nikakae mwaka mzima nikifanya kazi zangu, chumba juu yao, uzi juu yao. Kilichobaki ni mimi kupata viza ya vipaji, ile wanayopewa wasanii na watu wa kazi za ubunifu. Bila hiyo, mwaliko ni karatasi tu.

Niliitaka hiyo viza, na sitajifanya eti sikujali. Tangu niolewe sijawahi kuwa na chumba ambacho mtu haingii kuniuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Mwaka mzima wa mlango wangu mwenyewe! Nilikuwa nikiwaza hilo mpaka najidunga sindano kidoleni.

Basi nikamtafuta bwana mmoja wa Kitale mwenye ofisi juu ya duka la simu, kazi yake kusaidia watu kuomba viza. Mtu wa tai na marashi. Alizitazama picha nilizopiga kwa simu akatikisa kichwa. Nyuma ya kuku wangu ulionekana mguu wa stuli, na pembeni ya barabara ya Webuye mtoto alikuwa ameingiza kidole. Akasema hizo haziendi popote, lazima nitafute mpiga picha wa maana. Mpiga picha naye alikuwa na harusi hadi Jumatatu, na mimi sare zilikuwa zinaningoja Bungoma. Nikaviacha vitambaa vyote kwa mama. Nikamwambia avitunze vizuri, kwa sababu vitaangaliwa na wazungu wa viza.

Hilo neno la mwisho, natamani ningelimeza.

Maana mama yangu lazima umwelewe. Kwake mgeni haketi juu ya kitambaa kilichoketiwa na watu wa nyumba. Gari likisikika langoni, vya kila siku vinatolewa na vya wageni vinatandikwa kabla mbwa hajamaliza kubweka. Akija mchungaji, hata pazia linabadilishwa. Mgeni kuona doa kwenye kochi la mama ni kama kumkuta amevaa petikoti. Sasa mtu kama huyo umwachie gunia la madoa, halafu umwambie linaenda kuonyeshwa wazungu, tena kwa jina la familia!

Jumatatu nilifika nikaviona vyote kwenye kamba, vyeupe mpaka macho yanauma. Mama alikuwa amewaita wanawake wawili wa kanisa lake. Walivilowesha kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, wakavisugua, wakavitia wanga, na mkaa wa pasi ulikuwa tayari unawaka. Walikuwa na furaha hao wamama, wanaimba. Mama akanipokea kwa kicheko akaniambia nisiogope, hatutaaibika.

Kuku wangu alikuwa amebaki kichwa na mkia, katikati hewa. Malori ya Webuye yalikuwa yanaelea bila barabara. Na kwenye kitambaa cha baba, mahindi yalikuwepo, ng'ombe walikuwepo, ua ulikuwepo, na baba na kofia yake alikuwa ameinua uso anaangalia weupe mtupu.

Nilipiga kelele. Nilimwambia mama ameniua. Nilimwambia amefua miaka yangu yote na viza yangu ndani yake, na kwamba hata wakwe zangu waliokuwa wakinicheka hawakuwahi kunifanyia hivyo. Wale wamama wa kanisa wakakumbuka ghafla kwamba kuku wao hawajalishwa, wakaenda. Mama aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Wewe ulikuwa unalipamba hilo doa. Mimi nilikuwa ninaliangalia. Kila siku nikifagia hapo, kikombe kinaanguka tena. Hivyo vingine nilivifua kwa ajili ya wageni. Hicho nilikifua kwa ajili yangu."

Hasira haikuisha, lakini sikujua tena niipeleke wapi. Nilimsaidia kuanua.

Yule bwana wa tai nilipomweleza, hakuona shida yoyote. Alisema chai si inapikwa kila siku? Nirudi nyumbani, nipike ya rangi, nimwagie pale pale katikati ya mahindi, nani atajua. Na kweli nani angejua? Ninajua kushika kikombe, na umbo la ule mlima naliweza hata nikifumba macho. Nilimwangalia nikaona hanielewi kabisa, na hakuwa mtu mbaya, alitaka tu nipite. Nikamwambia ile ilikuwa chai ya baba. Ya kupikwa leo ni chai tu.

Basi akanipa njia ya pili. Niseme hapo katikati niliacha wazi kwa makusudi, eti ni pengo la marehemu, wazungu wanapenda mambo ya pengo. Na mama nisimtaje. Alinikazia hapo: viza ni ya mtu mmoja mwenye kipaji, anayeulizwa ni wewe peke yako, ukianza kuingiza mama na jiki umejifungia mlango.

Nilimshukuru nikachukua gunia langu. Unajua, maisha yangu yote nimeambiwa nisiseme kitu fulani ili nipite. Nisiseme wazazi wangu walihama kutoka wapi, nisije nikaitwa mgeni. Nisiwaambie wakwe ninachofanya na vitambaa. Sasa hata kwenye karatasi inayouliza mimi ni msanii gani, niseme uongo? Wacha bana. Mpiga picha alivipiga vile vile vilivyo, na nikajaza maombi mwenyewe kwenye saiba ya kompyuta Bungoma, mlangoni mtu anauza mahindi ya kuchoma na moshi wote unaniingia mimi. Palipoulizwa kitambaa kikubwa kilitengenezwaje, niliandika: kilimwagiwa chai na baba yangu, nikakidarizi mimi, kikafuliwa na mama yangu.

Watu wa viza waliniita kwenye mahojiano kwa kompyuta. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanaume, wapole, na picha ya kitambaa cha baba ilikuwa mbele yao. Mwanamke akauliza kufuliwa kule kulikuwa ni ajali, au ni sehemu ya kazi. Nilijua jibu linalotakiwa. Niseme ajali, kazi inabaki yangu peke yangu. Haki ya Mungu niliuona ule mlango wangu wa mwaka mzima, uko wazi kidogo tu.

Nikajibu, "Mimi nilimshona baba. Mama akamfua akamwacha aende. Kabla ya hapo kazi ilikuwa haijaisha."

Mwanaume aliandika kitu. Wakanishukuru.

Majibu yalikuja nikiwa napima mtoto wa Myanga kaptura. Wamekataa. Walieleza vizuri, hawakunitukana: viza hii hupewa mtu mmoja kwa kazi aliyoibuni mwenyewe, na kwa maelezo yangu mwenyewe kazi kuu niliyowasilisha ina wabunifu wawili. Nikitaka naweza kuomba upya. Nilimaliza kumpima mtoto, nikaandika kipimo cha kiuno vibaya, nikafunga cherehani mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kufanya hata siku niliyougua malaria.

Nilikwenda Kitale siku hiyo hiyo. Iliniuma, na nilitaka mama anione ilivyoniuma. Nilimkuta akichambua maharagwe sebuleni. Nikasimama mbele yake nikamsomea yale majibu kwenye simu, nikiyageuza kwa Kiswahili taratibu, neno kwa neno. Nilipofika pale pa wabunifu wawili, mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Huyo wa pili ni mimi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengine kabisa. Nilimwangalia, mwanamke aliyekamua ng'ombe na kulima na kufua maisha yake yote, na hakuna siku mtu alimwandikia barua akamwita kitu zaidi ya mama fulani. Nikamwambia ndiyo, ni yeye, wazungu wameandika.

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mlangoni.

"Basi omba tena," akasema. "Na uwaandikie huyo wa pili bado hana pasipoti, lakini ataitafuta."