Mashine ya Kufuma ya Orpa Mulenda

Orpa Mulenda alijifunza kufuma kule Uvira, kwa shangazi yake aliyekuwa na mashine ya masweta na hasira za karibu. Ukikosea mstari, shangazi alifumua kazi yote akakuambia uanze upya. Orpa alianza upya mara nyingi. Vita ilipomsukuma hadi Malawi, yeye na mumewe Zénon na mtoto wao Divin, karibu kila walichobeba kilipotea njiani, ila ufundi huo haukupotea.

Mwanzoni waliishi kambini Dzaleka, naye akafuma kwa sindano mbili za mkono. Baadaye walihamia Lilongwe, mtaa wa Chinsapo, na huko ndiko alikopata mashine yake mwenyewe. Ilikuwa imetumika, lakini nzima: kitu kirefu cha kuweka mezani, chenye sindano zilizojipanga kama meno ya kitana, na kigari kinachopita juu yake kwenda na kurudi. Kila kikipita, mstari mmoja wa sweta umekwisha. Miezi ya baridi ilipofika na watu wa Lilongwe wakaanza kutembea wamekunja mikono kifuani, kibaraza cha Orpa hakikukosa mteja.

Jirani yake, Mayi Nabanda, aliuza nyanya mbele ya nyumba ileile. Mmalawi yule na Mkongomani huyu walielewana kwa Kichewa cha Orpa, kilichokuwa kibovu lakini kisicho na aibu. Mmoja akienda sokoni, mwenzake alimuuzia.

Kisha likaja tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini. Muda ulikuwa mfupi na maneno ya mitaani yalikuwa makali. Zénon alipata nafasi kwenye pikapu ya mtu, ikiwa tayari imejaa magodoro na masufuria ya familia nyingine. Mashine haikuenea.

"Iache kwangu," Mayi Nabanda alisema. Aliivingirisha kwa kitenge chake mwenyewe, akaiingiza ndani chini ya kitanda. "Mambo yakitulia, njoo uichukue."

Mambo hayakutulia upesi. Katika purukushani za kuhama Orpa alipoteza simu, na namba yake ikafa nayo. Alipoazima simu ya mtu kumpigia Mayi Nabanda, namba haikupatikana, leo wala kesho. Akarudi kwenye sindano mbili za mkono, kwenye kibanda kidogo kando ya soko la Dzaleka, akifuma kofia za watoto wachanga. Baridi moja ikapita, ikakaribia ya pili.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani, wanakosoma watoto wa kambi na watoto wa vijiji vya Dowa pamoja, alipofika kibandani. Alitaka masweta ya kijani ya shule nzima kabla ya mwezi wa sita.

"Kwa mkono utaweza?" aliuliza.

"Kwa mkono, hapana," Orpa alijibu. "Nipe wiki hii, nitakuletea jibu."

Jioni alimwambia mumewe kwamba anakwenda Chinsapo. Zénon aliweka chini sahani yake.

"Mama Divin, ile machine uisahau tu. Mutu gani atachunga kitu ya mwenzake wakati wote huu, na njaa ilipita hapa katikati? Batu baliuza mpaka mabati ya nyumba."

"Mi nitaenda niangalie na macho yangu."

"Na ukikuta aliiuza?"

"Basi nitajua. Kujua njo ninataka, Baba Divin. Kungojea kunanichokesha."

Akaomba kibali cha kutoka kambini, akakipata, akaondoka asubuhi.

Chinsapo aliikuta palepale, lakini mbele ya nyumba hapakuwa na nyanya. Mwanamke asiyemjua alitoka ndani akifuta mikono. Mayi Nabanda? Alihama zamani. Wapi? Hajui. Orpa akauliza kwa mchoma mahindi wa upande wa pili, aliyemkumbuka mara moja.

"Ile mashine yako ndefu?" mchoma mahindi alisema. "Niliiona. Mayi Nabanda aliipakia kwenye baiskeli ya kabaza, wakashika njia ya Old Town."

Orpa alimshukuru, akaanza kutembea. Kila mtu wa Lilongwe anajua kitu kinachopelekwa Old Town kwa baiskeli kinapelekwa kufanywa nini. Kule ndiko kwenye maduka ya jumla na wanunuzi wa vyuma na vitu vilivyotumika. Hakumkasirikia Mayi Nabanda. Ndilo lililomshangaza baadaye. Aliona tu njaa ile aliyoitaja Zénon, akamwona rafiki yake ameketi mbele ya sufuria tupu, na chini ya kitanda kuna kitu kinachoweza kuwa unga. Nani angemlaumu? Lakini machozi yalimtoka hivyo hivyo, akiwa anatembea, na hakuyafuta.

Alikwenda Old Town kwa sababu basi la kurudi Dowa lilipatikana huko. Na kwa kuwa alikuwa huko, miguu yenyewe ikampeleka kwenye duka la nyuzi alilonunua sufu miaka ile. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama, akavua miwani, akamtazama tena.

"Wewe mama wa masweta," alisema kwa Kichewa. "Ulikuwa wapi? Kuna mtu anakutafuta."

"Nani?"

"Mwanamke. Alikuja hapa na mashine yako kwenye baiskeli. Nikamwambia sinunui mashine. Akanikasirikia sana! Akasema hauzi. Alitaka nimwonyeshe mafuta ya kupaka sindano, zilianza kushika kutu. Akasema, yule mama wa Dzaleka akija kununua nyuzi, mwambie niko Area 23, nauza nyanya karibu na bomba la maji."

Orpa alishika kaunta kwa mikono yote miwili. Mzee akadhani anaumwa, akaagiza kiti.

"Siumwi," Orpa alisema, akamshukuru kwa Kichewa. "Zikomo. Zikomo kwambiri, baba." Akaanza kucheka, na wateja wengine wakageuka kumtazama mwanamke anayecheka huku uso umelowa.

Area 23 hakupata shida. Aliona nyanya kwanza, zimepangwa mafungu mafungu jinsi Mayi Nabanda alivyozipanga siku zote, kubwa ikikaa juu. Kisha akamwona mwenyewe.

"Mayi Orpa!" Nyanya zilibingirika. Walikumbatiana katikati ya watu wenye ndoo, wakasukumana, wakakumbatiana tena.

"Mume wangu alitaka kuiuza," Mayi Nabanda alisema walipokwisha kuingia ndani. "Kazi ya ganyu ilikosekana, hakuna aliyemwita hata kulima. Nikamwambia mashine ni mali ya kanisa lenu, na mwenye kuuza mali ya kanisa atakauka mkono. Tangu hapo hakuisogelea hata kufagia."

"Ulidanganya!"

"Nilidanganya. Na Mungu atanisamehe, maana ilikuwa ni kwa ajili ya kanisa."

Kitenge kilifunuliwa. Orpa alipitisha kidole juu ya sindano, moja baada ya moja. Zilikuwa laini kwa mafuta. Alikisukuma kigari, kikaenda hadi mwisho bila kukwama, kikarudi. Alikaa chini sakafuni akavuta pumzi ndefu. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo ambao ameubeba mpaka akasahau kuwa ameubeba.

Mashine ilisafiri Dzaleka juu ya basi dogo, imefungwa kamba tatu kwa amri ya Orpa. Zénon alitoka kuipokea. Aliizunguka, akaigusa.

"Njo ile yenyewe?"

"Njo yenyewe."

"Basi mi niko mujinga," alisema, na akaibeba peke yake hadi kibandani.

Masweta ya shule yalikamilika kabla ya baridi kali. Orpa alimfundisha kazi hiyo mwanamke mmoja wa Burundi, Olga Irangabiye, na wanawake wawili wa vijiji vya jirani, kwa subira kubwa kuliko ya shangazi yake. Masweta yanayozidi hupelekwa Area 23, na sasa yananing'inia juu ya nyanya.

Mwezi uliopita Mayi Nabanda alikuja kutembea kambini kwa mara ya kwanza. Orpa alimpikia fufu ya muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mgeni alimega, akatafuna kwa makini, watu wote wakimtazama.

"Si nsima hii," alisema hatimaye, akilinganisha na ugali wa kwao.

"Hapana. Ni fufu."

"Inavutika."

"Haitafunwi, mama. Unameza."

Mayi Nabanda alimeza, akafikiri kidogo, akasogeza bakuli la sombe karibu yake.