Digrii Mbili Chini ya Daraja

Niliondoka Homa Bay Jumatatu, miaka ile ya sitini ikiyoyoma, kwa sababu ya sahihi moja tu. Nilikuwa na digrii mbili za uinjinia, lakini bodi ya Nairobi ilikataa kunipa leseni mpaka injinia aliyenisimamia kazini athibitishe kwamba daraja nililojenga karibu na Muhuru Bay ni imara. Nami nilikuwa nimeshachongesha kibao cha mlangoni chenye neno "Injinia" kwa herufi kubwa.

Saa nne asubuhi nilimkuta Migori Bwana Gurdeep, msimamizi wangu wa zamani, aliyestaafu kabla daraja halijakamilika na kufungua kiwanda cha mbao. Niliweka vyeti vyangu viwili mezani. Alivisogeza pembeni, akatafuta kofia yake.

"Vyeti nimeona," alisema. "Daraja sijaona."

Njiani, ndani ya lori lake lililosheheni magogo, nilimweleza hesabu za zege mpaka akasinzia.

Adhuhuri tulifika. Daraja lilikuwa limejaa omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa ukingo hadi ukingo. Dereva hakuuliza, aligeuza usukani kuteremka mtoni kama magari yote yalivyozoea. Niliona aibu kubwa, nikamsimamisha. Mama Atieno, kiongozi wa akina mama wanaokausha omena, hakuona tatizo lolote.

"Hii daraja ni mzuri sana, injinia," alinisifu. "Kuku haifiki, mchanga hakuna. Gari inapitanga huko chini kwa maji."

Nilimsihi awaondoe lori lipite. Akasema mpaka wakauke. Basi mwenye digrii mbili nikashinda hapo nikigeuza omena na kufukuza ndege.

Saa kumi akina mama waliwazoa omena wao. Bwana Gurdeep alinyoosha fimbo kuelekea chini ya daraja.

"Mimi nitapanda lori," alisema. "Wewe simama huko na digrii zako."

Nilisimama, maji yakinifika magotini, na kusema kweli niliogopa. Hesabu zote zilinitoka. Nilikumbuka tu siku fundi aliponiuliza kama saruji inatosha, nami nikamjibu ndiyo huku nikitazama saa. Lori likapanda, likanguruma juu ya kichwa changu, likapita. Kilichoniangukia ni omena watatu, na Mama Atieno akateremka kuwadai.

Jumanne nilirudi Homa Bay na fomu yenye sahihi. Penye "kasoro zilizoonekana", Bwana Gurdeep alikuwa ameandika: omena watatu.

Leseni ilikuja, na kibao kiko mlangoni. Lakini siku hizi fundi akiniuliza kama saruji inatosha, kwanza naivua saa na kuitia mfukoni.