Aliyelala Kaburini pa Sharifu

Majidi wa Kwihara alirithi vitu viwili kwa mama yake: ubishi, na kazi ya kutunza kaburi la Sharifu. Kila Alhamisi alikoka makaa akafukiza ubani upande wa mashariki, ndiko kichwani, maana huku kwetu kibla ni kaskazini. Mama yake alipougua aliusia jambo moja tu: azikwe miguuni pa Sharifu. Akazikwa hapo hapo.

Mwaka huu akaja mama mmoja wa Kifaransa, na mkalimani wake Justus, na kibali cha serikali. Akasema aliyelala pale ni babu yake, ofisa aliyetekwa na Waingereza kule Madagaska wakati wa vita vya pili, akaletwa huku mateka, akafa kwa homa.

"Babu yake!" Majidi alifoka. "Mwambie achimbe! Atamkuta Sharifu kalala ubavu wa kulia, kichwa mashariki. Halafu aniombe radhi mbele za watu."

Kiburi si maungwana, lakini nani angemwambia? Watu walijaa. Wachimbaji walianzia mahali pa ubani, wakafikia buti. Buti mbili! Wakasogea mbele, wakakuta vifungo vya shaba vyenye alama ya nanga. Fuvu lilikuwa magharibi kabisa, palipodhaniwa miguuni, limetazama juu.

Kumbe miaka yote hiyo watu wazima na akili zao walikuwa wakifukizia buti za Mzungu! Majidi hilo hata hakulijali. Alikuwa akitazama kaburi la mama yake, mwanamke ambaye hakupata kumpa mkono mwanamume asiye maharimu wake. Sasa amelala kichwa kwa kichwa na askari mgeni, na aliyemlaza ni mwanawe.

"Mama, nimekuaibisha," alisema, akaketi udongoni, akalia bila kujificha.

Mfaransa naye alilia, akaondoka na mifupa ya babu yake. Shimo likafukiwa.

Alhamisi iliyofuata akaja Kulwa kutoka Lusu na ubani wake, kuomba apate mtoto.

"Shikamoo, baba. Sharifu yuko wapi?"

"Marahaba. Hakuna Sharifu, mwanangu. Alikuwa Mfaransa, mateka wa Waingereza. Wenyewe wamemchukua."

Kulwa aliguna, akalitazama kaburi lililobaki. "Na huyu?"

"Huyo ni mama yangu tu."

"Hawakumchukua?"

"Wampeleke wapi? Kwao ni hapa."

"Basi huyu ndiye wetu," Kulwa alisema. Akapiga magoti, akaanza kuomba.

Majidi alitaka kumkemea. Alishtuka kujikuta anavua viatu.