Sanduku la Chanjo Nililoliacha Juani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika dispensari ya misheni hapa Gisenyi, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Sista mkuu alinipa sufuria na visu vidogo vya kuchanjia, akaniamuru nivichemshe mpaka atakaponiambia basi. Hakuniambia basi mpaka adhuhuri. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana mwenye haraka.

Baadaye nilifanywa mchanjaji wa ndui. Dawa ilikuja ndani ya vimirija vya kioo. Ulivunja ncha, ukadondosha tone begani, ukakwaruza ngozi juu yake. Dawa hiyo iliogopa joto. Tuliibeba katika sanduku la mbao lililozungushiwa kitambaa kibichi, na munganga, yaani daktari wetu Mbelgiji, alikuwa na sheria moja: kitambaa kikikauka na sanduku likipata joto, dawa imekufa.

Nilianzia soko la Mahoko, kisha Nyakiriba kwetu, halafu nikapewa Bugeshi, juu kule kwenye baridi, chini ya volkano. Safari yangu ya tatu kwenda huko nilipita kwa binamu yangu, nikaketi kula maharage na viazi. Sanduku nililiacha nje, kivulini. Maongezi yakanoga. Nilipotoka, jua lilikuwa limelihamia, na kitambaa kilikuwa kikavu kama ganda la mahindi. Nilikilowesha upya nikaendelea kupanda, nikijidanganya njia nzima.

Kule Bugeshi kina mama walikuwa wamekaa kwenye majani tangu asubuhi, watoto migongoni. Sushefu, kiongozi wa vilima vya huko, alikuwa amewasihi wiki nzima waje, maana wengi waliiogopa dawa ya wazungu. Nilifungua sanduku. Nikashika kimirija cha kwanza.

Hapo nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mdogo alinituma nimpelekee jirani mgonjwa maziwa. Nilikunywa nusu njiani, nikajazia maji ya kijito. Mama alipogundua hakunichapa. Alinirudisha kwa yule mgonjwa, akanisimamisha mbele ya kitanda chake niseme mwenyewe. Njiani akaniambia kwamba kutubu mbele ya Mungu peke yake ni rahisi, kwa sababu Mungu hakulala njaa kwa kosa lako. Katekisimu nilifundishwa baadaye, lakini imani yangu ilianzia pale mbele ya kitanda kile.

Basi nikasimama, nikawaambia kina mama kwamba dawa imekufa, na aliyeiua ni mimi. Walinung'unika. Sushefu aligeuza uso. Mukecuru mmoja, bibi aliyembeba mjukuu wake, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, kama ungetuchanja tu, sisi tungejua namna gani?"

"Musingejua, mama. Mungejua siku ndui itakapofika."

Akafunga mbeleko yake vizuri, akaondoka.

Nilishuka mpaka Gisenyi nikamweleza munganga. Aliniuliza nani aliniona nikiliacha sanduku juani. Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Utarudi kwenye sufuria. Na siku ukitoka huko, utaanza na Bugeshi."

Nilichemsha visu miezi mitatu, wenzangu wakinicheka. Nilipopanda tena, sanduku sikulitua kutoka kichwani hata nilipokunywa maji. Sikukuta umati. Nilikuta watu wachache, na mbele yao yule mukecuru, bega la mjukuu wake likiwa wazi tayari. Aliwaambia wengine kwamba huyu akisema dawa ni nzima, ni nzima. Walioogopa niliwafuata nyumba kwa nyumba, msimu kwa msimu, mvua na ukungu. Nilikataa kupewa kituo kingine mpaka nilipomaliza vilima vyote vya Bugeshi.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena milima. Juzi padri alinialika nizungumze na vijana wa parokia, niwasimulie juu ya watoto niliowaokoa. Nilimwambia idadi yao siijui, anayeijua ni Mungu. Nikawasimulia juu ya wale niliowarudisha nyumbani bila kuchanjwa. Padri alishangaa kidogo. Lakini kazi yangu yote ilijengwa juu ya siku ile, nami sikuona sababu ya kuificha.