Uso Ambao Nobert Hakuutazama

Nobert alikuwa mwoga tangu zamani, na hakuona haya kulisema. Alipokuwa akiwabebea wageni mizigo kutoka Nyakalengija kupanda milima ya Rwenzori, aliogopa mawe yenye utelezi. Alipohamia Bwera kulima vitunguu, aliogopa mafuriko. Lakini mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ikiua watu ng'ambo ya mpaka, katika miji ya Beni na Butembo, mwoga huyohuyo ndiye aliyekubali kusimama kwenye kivuko kidogo cha mto Lhubiriha, kipimajoto mkononi, akikielekeza kwenye paji la uso la kila anayevuka. Walimpa siku mbili za mafunzo na jozi ya buti.

Mwezi wa saba akaja Ronah, mtafiti wa chuo kikuu kutoka Kampala. Huyu hakuja na karatasi za maswali kama wenzake. Alisimika kamera kando ya ndoo ya klorini ya kunawia mikono, akakaa kimya. Alisema anachunguza jinsi watu wanavyojifunza kazi mpya, na jinsi kazi yenyewe inavyobadilika mikononi mwao. Mwishoni angewaonyesha picha zao, wazitazame pamoja, waseme wenyewe kazi inakwama wapi.

Siku za kwanza Nobert alijikaza mbele ya kamera. Jumatatu akaisahau. Eridadi, msimamizi wake, alikuwa amekwenda kuchota maji, na Nobert amebaki peke yake, alipoona kitenge cha njano kikiteremka ng'ambo. Alikijua. Ni Mama Kahambu, aliyemzaa mke wake Masika, akitoka kumzika dada yake Butembo.

Na kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ukikutana naye unaacha njia na kugeuka mpaka apite. Akija kukaa kwako, unahamia kwa ndugu. Sasa umwelekezee kidude kwenye paji la uso, kama askari? Nobert alitoka kando, akaigeukia migomba, akasikiliza nyayo mpaka zikapotea. Jioni akabeba blanketi lake kwenda kulala kwa kaka yake Yonasani.

Toka hapo hakuwa na raha. Kamera ilikuwa imeona yote. Jumatano akamvuta Ronah pembeni.

"Madam, ile ya Monday usionyeshe. Watanifukuza."

"Hakuna mtu itafukuzwa, Nobert. Mimi sitafuti mtu wa makosa. Natafuta pahali kazi inakwama."

Maneno aliyasikia, ila hakuyaamini. Nani amewahi kurekodiwa akaachwa?

Alhamisi asubuhi walikusanyika kwenye chumba cha kanisa, watu wanane na kompyuta moja. Walianza kwa kucheka. Eridadi alijiona akijikuna mgongo kwa kipimajoto, nao wakamtania mpaka akatishia kutoka. Kisha ikaja Jumatatu. Nobert alijiona amesimama ameipa njia mgongo, na nyuma ya mgongo huo akauona uso.

Miaka tisa ya ndoa, na Mama Kahambu alimjua kwa nyayo na kitenge tu. Sasa uso ulikuwa mbele yake, umelowa jasho. Mama alisimama kwenye ndoo, akashika nguzo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Akautazama mgongo wa Nobert. Akangoja, muda mrefu sana. Halafu akapita.

"Nobert, hapa kwa nini uligeuka?" Ronah aliuliza kwa upole.

Nobert aliendelea kuutazama uso ule kwenye kompyuta. Eridadi aliinamisha kichwa, akasema hata yeye mwezi uliopita alimwachia mama mkwe wake apite, na mwingine nyuma akakiri hivyohivyo. Ronah akashika kalamu. Lakini Nobert hakuwa tena na habari ya kufukuzwa. Alikuwa akihesabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu Mama Kahambu yumo nyumbani kwake, na Erina, mtoto wake wa miaka miwili, anashinda mgongoni mwa bibi yake. Alinyakua kipimajoto mezani, akatoka mbio.

Alikimbia na buti zake nzito, akimwomba Mungu jasho lile liwe la malaria, malaria tu, ugonjwa ambao maisha yake yote alikuwa akiulaani.

Mama Kahambu alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, Erina mapajani, anatafuna muhogo.

"Nobert!" Masika alipiga kelele mlangoni. "Unaenda wapi? Mama iko hapo!"

Safari hii hakugeuka. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, akakielekeza kipimajoto kwenye paji lake la uso. Kidude kikalia. Thelathini na nane nukta sita: homa.

Mama Kahambu alizisoma namba kwenye uso wa Nobert. Akamteremsha mtoto taratibu, akamsukuma mbali naye, na kwa mara ya kwanza akamsemesha Nobert moja kwa moja.

"Ile siku nilisimama, mukwe. Nilikuwa nakungoja unipime. Niliogopa sana. Uliponiacha nipite, nikajiambia, basi niko muzima."

Nobert akatoa simu, akapiga namba ya gari la wagonjwa, macho yakiwa bado usoni mwa mama mkwe wake.