Leve ya Kumi na Moja

Kapata, katika nyumba za zamani za kampuni ya migodi, wapo wazee wanaocheza bridge mpaka leo. Usinicheke. Wazungu waliwafundisha makarani wao, kisha wakaenda zao, mchezo ukabaki. Mama Stéphanie Kabemba, aliyekuwa mpiga taipu wa kampuni, aliucheza miaka na miaka akiwa upande mmoja na mumewe, Tata Baudouin. Na tamaa yake ilijulikana mtaa mzima. Katika bridge unaahidi utaokota mafungu mangapi ya karata, nao huyaita leve. Ukiahidi kumi, kumi zinatosha. Kwa Stéphanie? Thubutu! Lazima apate ya kumi na moja. Wakamwita Mama Tena-Moja.

Baudouin alikuwa mtu wa kutosheka. Mwenzi wa anayecheza hufunuliwa karata zake mezani, naye hukatazwa kusema neno mpaka mwisho. Wazungu walimwita maiti. Watu wa Kapata wakaona huo ni mkosi, wakamwita bubu. Basi Baudouin alikuwa bubu mbaya kweli! Akiona mkewe anaikimbilia leve ya zaidi, aligonga mguu wa meza kwa pete yake ya ndoa, mara mbili: ko, ko. Yaani, mama, imetosha. Naye Tata Mpoyi, mpinzani wao wa siku zote, aliruka kitini: "Bubu hasemi!" Wote wakacheka.

Mvua zilipokaribia, Baudouin akafa. Pete yake Stéphanie akaitia kwenye uzi, akaivaa shingoni.

Wazee hawa wana desturi yao. Siku ya kumaliza kilio, marehemu hugawiwa karata mara ya mwisho mbele ya kiti chake, na mwenzi wake humchezea. Aokote alichoahidi, asipunguze wala asizidishe. Akipunguza, marehemu anaondoka na aibu. Akizidisha, kile cha ziada amekitoa mkononi mwa marehemu, naye marehemu atarudi kukichukua pamoja na aliyekiokota. Upuuzi? Sema wewe. Mimi najua tu kwamba Mama Laurentine alimchezea mumewe, akaokota moja zaidi, akacheka sana, na mahindi ya msimu ule hakuyala.

Stéphanie alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana Myriam, bintiye wa pekee, alikuwa na roho juu siku ile. Alikuja kutoka mtaa wa Manika, mjamzito, tumbo limeshuka tayari kwa kujifungua, ili amchukue mama yake wakaishi pamoja. Alizikuta sufuria zimegawiwa majirani. Juu ya kitanda aliona kitenge cheupe kimepigwa pasi, kile mama yake alichosema siku zote kuwa atazikwa nacho.

"Mama, huyu mutoto atalelewa na nani?" aliuliza.

"Mungu iko," Stéphanie alijibu, akaenda kupanga viti.

Ilikuwa alasiri, jua kali, vumbi la malori limetanda barabarani. Koti la Baudouin lilitundikwa kwenye kiti chake, limeinamia upande mmoja. Mama Rachelle, aliyecheza upande wa Mpoyi, aligawa karata. Fungu la Baudouin lilipokamilika mbele ya kiti, lile koti likajiweka sawa, bega kwa bega. Upepo haukuwepo.

Stéphanie aliahidi kumi, pike, yaani shupaza, ikiwa turufu. Mama Rachelle akaanza kwa trefle, yaani pau, kisha akanyoosha mkono kuzifunua karata za marehemu. Akaurudisha haraka.

"Ziko moto," alisema.

"Fungua tu," Mpoyi akamwambia.

Stéphanie hakugusa kitu. Alihesabu kwanza, kama alivyofanya siku zote kabla ya karata ya kwanza. Pike zake sita kubwa, asi ya kere, ndizo kopa, mfalme wa trefle, na asi ya trefle ya Baudouin: hizo tisa. Katika karo, yaani uru, Baudouin alikuwa na mfalme, malkia na ghulamu. Asi, inayomshinda mfalme, ilikuwa kwa wapinzani, lakini leve moja haikosi. Kumi, bila wasiwasi. Ya kumi na moja ilikuwa ni yule ghulamu wa karo, na ili kumfikia mwishoni ilihitajika njia ya kuingia kwenye karata za Baudouin. Njia ilikuwa moja tu, asi ya trefle iliyolala mbele ya kile kiti. Mwingine angeipiga pale pale. Stéphanie akatoa mfalme wake mwenyewe, asi akaiacha.

Mpoyi aliuona mlango ulioachwa wazi kwa ile ya kumi na moja.

Stéphanie akamaliza turufu za wapinzani, akaenda kwenye karo. Mpoyi akaizuia asi yake raundi ya kwanza, akaitoa ya pili, ili kumkatia Stéphanie njia. Alipiga kere, Stéphanie akaichukua kwa asi. Halafu, polepole, akatoa trefle ndogo, na asi ya Baudouin ikaila.

Sasa karata iliyofuata ilipaswa kutoka kwa marehemu. Akitaja ghulamu, zinakuwa kumi na moja. Akitaja kere ndogo, leve mbili zinakwenda kwa wapinzani na hesabu inaishia kumi. Mezani kila mtu alijua.

"Mama," Myriam aliita kutoka mlangoni. "Mama, bakia."

Stéphanie alimsikia. Lakini alimtaka mume wake, jamani! Alikitaka kikohozi chake cha alfajiri na soksi zake chini ya kitanda. Alichoka kupika chakula cha mtu mmoja. Akafungua mdomo amtaje ghulamu.

Ko, ko.

Mguu wa meza, upande wa kile kiti. Karata zikatetemeka mbele ya macho yao.

"Bubu hasemi!" Mpoyi alifoka kwa mazoea, kisha akatambua alichosema, na karata zikamponyoka.

Wote walitazama kifua cha Stéphanie. Pete ilitulia kwenye uzi wake. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza.

"Hata leo, Tata?" alisema, machozi yakimtiririka, hasira imempanda. "Hata leo unanikataza? Unanifukuza?"

Myriam alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, analia kimya kimya. Stéphanie akaliangalia lile tumbo. Alipofungua tena mdomo, sauti ilikuwa ya mtu aliyeshindwa mchezo.

"Kere. Ile ndogo."

Mama Rachelle aliisukuma kwa ncha ya kidole. Sasa ilikuwa baridi. Leve mbili zikaenda kwa Mpoyi, zilizobaki zikaliwa na turufu, na ghulamu wa karo akaangukia chini ya pike ya Stéphanie mwenyewe. Kumi kamili. Koti likateleza kitini, likaanguka sakafuni.

Stéphanie aliliokota, akalikung'uta, akamwekea Myriam begani.

"Twende sasa, mama?" Myriam aliuliza.

"Ngoja kwanza," alisema, akijifuta macho kwa kitenge. "Nipite kwa majirani, nikamate sufuria zangu."